Kalipa za pistoni nne, mpira wa breki usiokaa, na grinda ya fundi

Swali la msomaji wa Dar es Salaam: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza ya 2003, cc 1500, haina turbo, ina ABS, mbele sahani na nyuma ngoma. Nimenunua Ilala kalipa za mbele za pistoni nne zilizotoka kwenye WRX, pamoja na sahani zake. Fundi wangu amezijaribisha, bolti zimeingia vizuri, ila mpira wa breki wa zamani haukai kwenye kalipa mpya, kuna kipini kinazuia. Anataka kukisaga kwa grinda, au tununue mipira ya waya. Tena anasema masta silinda nayo lazima ibadilishwe. Nifuate lipi? Na nikizipaka rangi nyekundu kuna ubaya?"

Marahaba. Mwambie fundi aiweke grinda chini kwanza. Hajakosea kuona kwamba kuna kitu hakilingani, amekosea dawa.

Mpira wa breki, ile hozi inayopeleka oili kwenye kalipa, una ndugu pande mbili. Ncha ya chini ni ndugu wa kalipa, yaani koleo linalobana pedi kwenye sahani, ncha ya juu ni ndugu wa bodi ya gari. Ulipobadilisha kalipa ulibadilisha ndugu wa chini tu. Kwa hiyo unachotafuta ni mpira ambao chini unaikubali kalipa mpya na juu bado unaikubali paipu ya chuma ya gari lako. Watu wengi huwaza upande mmoja. Mmoja ananunua mpira wa gari lake, unagoma kwenye kalipa. Mwingine ananunua mpira wa kalipa, unagoma kwenye bodi. Wote wawili wanaishia kwa mtu mwenye grinda.

Hicho kipini si pambo. Kichwa cha mpira, ile pete inayopitiwa na bolti yenye tundu, kinaweza kuzunguka kwenye kalipa kabla hakijakazwa. Kiwandani wameweka kipini kinachoingia kwenye kishimo au kuegemea ukingo wa kalipa, ili kila atakayefunga, awe fundi wa kiwandani au fundi wa chini ya mwembe, mpira utoke kwa pembe ileile. Ukikisaga, pete inakuwa huru. Fundi anapokaza bolti, mpira unajikunja pamoja nayo kidogo, yeye haoni, na siku ukikunja usukani hadi mwisho ukiwa na abiria wanne nyuma, mpira unalamba ringi. Halafu kuna vumbi la chuma. Nimeshafungua kalipa iliyosagwa kichwa cha mpira pembeni yake, nikakuta punje za chuma zimekaa kwenye oili nyuma ya pistoni. Sili ya mpira haina ugomvi na mtu, lakini punje kama hizo zitaikwaruza mpaka ivuje.

Kwa bahati yako, kalipa hizi zimetoka kwa ndugu wa tumbo moja. WRX, ile Impreza ya turbo, ya umbo lile na gari lako zinashiriki bodi, na ndiyo maana bolti zimeingia bila ubishi. Basi nenda kaombe mpira wa mbele wa gari lililotoa kalipa, wala si wa gari lako. Hapa ndipo watu wanapojikwaa dukani: muuzaji anaomba namba ya chesisi, wewe unatoa ya kwako, anakuletea mpira uleule unaokushinda sasa hivi. Mwambie unataka wa WRX yenye kalipa isiyoteleza ya pistoni nne, maana WRX nyingine zilitoka na kalipa ya kuteleza yenye pistoni mbili. Taja na upande. Wa kushoto na wa kulia mara nyingi haifanani. Nenda na mpira wako wa zamani mkononi, na kalipa moja ndani ya mfuko. Usione aibu kupanga vitu kwenye kaunta ya mtu.

Ukiwa pale kaunta, angalia nyuzi za bolti kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Bolti nyingi za breki za magari ya Kijapani zina kipenyo cha mm 10, lakini hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, inatofautiana: kuna za mm 1 na kuna za mm 1.25. Kwa macho ni pacha. Chukua rula, hesabu nyuzi ndani ya sentimita moja. Ukipata 10, hiyo ni hatua ya mm 1. Ukipata 8, ni ya mm 1.25. Huna rula, ziweke bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiwa sawa zinalala kama meno ya zipu. Zikiwa tofauti, utaona mwanga unapenya katikati.

Hatari zaidi ni bolti ya kipimo cha inchi, ile ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi, ambayo huja na mipira ya waya ya magari ya mashindano. Hiyo ni mm 9.5. Ukiijaribu kwenye tundu la mm 10 lenye hatua ya mm 1, inaingia, tena inaingia kwa raha mno, na ndilo tatizo lenyewe. Hatua zake ni karibu sawa, kwa hiyo huhisi ugumu wowote, ila imeshika ncha za nyuzi tu. Ukikanyaga breki kwa hofu, mgandamizo ndani ya mpira hupita bar 100. Tairi lako lina bar mbili na kidogo. Linganisha mwenyewe. Kwa hiyo pima kipenyo kwa venia, kile kipimio chenye taya, usiamini vidole peke yake. Bolti sahihi huingia kwa vidole mpaka inapogusa washa, bila kulegea wala kugoma njiani.

Urefu wa bolti nao una mambo yake. Kama bolti ni ndefu kuliko tundu la kalipa, itagota chini kabla haijabana washa. Spana inakuambia imekaza, kumbe imekaza chini ya tundu na pete ya mpira bado inacheza. Ijaribu bila mpira: izamishe kwa vidole, ona imebaki juu kiasi gani, kisha linganisha na unene wa pete pamoja na washa zake mbili. Lazima ile nafasi iliyobaki iwe ndogo kuliko unene huo. Washa ni mbili, moja kila upande wa pete, za shaba au za aluminiamu, na mpya kila unapofungua. Najua mafundi huzichoma moto za shaba zikawa nyekundu ili zilainike wakazirudisha. Kwa radieta sawa. Kwa breki, washa mpya ni bei ya soda.

Na bolti hiyo si ya kuning'inia kwenye spana. Kwenye Subaru za wakati huo inakazwa Nm 18 tu, na nati ya paipu kwa juu Nm 15. Ni mkono mmoja na spana fupi. Wengi huikaza kama nati ya tairi, inavunjika shingo pale kwenye tundu, kisha wanakulaumu wewe kwa kununua bolti mbovu.

Sasa ncha ya juu. Paipu ya chuma ya gari lako, yenye unene wa mm 4.75 hivi, mwisho wake umekunjwa mdomo. Magari ya Kijapani yana mdomo uliokunjwa mara mbili kwenda ndani, kama faneli yenye ukuta maradufu. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa kitufe, umevimba kama uyoga. Nati zao zinaweza kuwa na nyuzi zilezile kabisa, kwa hiyo mpira uliotengenezwa kwa mdomo wa Ulaya utafunga kwenye paipu yako, utakaza, na utavuja. Fundi atakaza tena. Utavuja tena. Mdomo utapasuka, na sasa unahitaji paipu mpya kutoka ABS hadi kwenye tairi. Angalia ndani ya ncha ya mpira kwa tochi ya simu: kwa gari lako unataka kuona koni iliyochomoza katikati, ambayo mdomo wa faneli unaikumbatia.

Tumieni spana ya nati za breki, ile kama spana ya ringi iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye paipu. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, nati hizo huwa zimeota kutu, na spana ya kawaida ya mdomo wazi inazila pembe mara moja. Mwagia mafuta ya kulegeza usiku, fungua asubuhi.

Ikitokea paipu imekatika, usikubali paipu ya shaba ya friji. Nasema hivi kwa sababu imeshanikuta. Gereji moja nilipokuwa safarini walinirudishia Noah ya familia ikiwa na kipande cha paipu ya friji kimeunganishwa katikati kwa nati za kubana, kimeng'arishwa vizuri kabisa. Ilikaa miezi minne. Shaba tupu inakuwa ngumu kwa mtikisiko, inafanya ufa mwembamba usioonekana, na siku hiyo pedali ilizama mpaka chini nikiwa nakaribia matuta ya shule. Breki ya mkono ndiyo iliyoniokoa. Kama paipu ya chuma haipatikani, ipo ya mchanganyiko wa shaba na nikeli inayotengenezwa kwa ajili ya breki. Inakunjika kirahisi na haioti kutu. Ila mdomo ukunjwe mara mbili kwa mashine yake.

Umepata mpira unaokubali pande zote mbili? Bado urefu. Funga kila kitu bila kujaza oili, pandisha gari kwenye jeki na stendi hadi tairi lining'inie, vua tairi, kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, ukiangalia mpira muda wote. Usivutike, usijikunje pembe kali, usiguse shokapu wala mhimili. Kisha rudisha tairi, shusha gari kwa uzito wake, rudia. Hali mbaya kuliko zote kwa mpira ni tairi linapoanguka kwenye shimo huku umekunja usukani, na barabara zetu hazina uchache wa hali hiyo. Kama umeinua gari kwa vipande vya juu ya shokapu, kama wengi wanavyofanya, ongeza na urefu huo. Angalia pia kwamba kile kishikio cha katikati, pale mpira unapofungwa kwa klipu kwenye shokapu, kimepata mahali pake. Mipira mingi ya waya ya bei rahisi haina kishikio hicho, au ina cha kuteleza, nayo hucheza mpaka inajikata.

Kuhusu hiyo mipira ya waya, nitakuwa muwazi: kwa gari la kutembelea mjini sikushauri uianze. Ndani ni bomba la plastiki gumu lisilovimba, nje limesukwa waya wa chuma kisichoota kutu. Kwa sababu halivimbi, pedali inakuwa kavu zaidi mguuni. Hilo ni kweli. Lakini ukimuuliza mtu aliyeifunga akasifu, muulize alitoa mpira wa umri gani. Mara nyingi alitoa mpira wa miaka ishirini uliochoka, na mpira mpya wa kawaida ungempa sehemu kubwa ya raha hiyohiyo. Waya nao ni msumeno. Usipokuwa na ganda la plastiki juu yake utakula waya wa sensa ya ABS uliopita jirani, na vumbi letu linaingia kati ya suko na bomba, linasaga taratibu kutoka nje kwenda ndani bila wewe kuona. Mpira wa kawaida ukizeeka unaonyesha nyufa. Wa waya unakaa unang'aa mpaka siku yake. Ukiutaka kweli, nunua uliotengenezwa kwa gari lenye kalipa hiyo, wenye ganda, wenye kishikio, na wenye alama kwamba umepimwa kwa kiwango cha breki. Usitengenezewe na mtu wa hozi za hidroliki za matrekta, hata kama ni jirani yako.

Jambo moja la mipira ya zamani, hata kwa wasiobadilisha kalipa: mpira unaweza kuoza ndani huku nje ni mzima. Ngozi ya ndani inabanduka, inakuwa kama mlango wa upande mmoja. Oili inakwenda ukikanyaga, hairudi ukiachia. Tairi hilo linapata moto na gari linavuta upande. Wanaobana mpira kwa plaizi ili kuziba breki ya tairi moja ndio wanaoutengeneza ugonjwa huu.

Sasa kalipa yenyewe dhidi ya masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali. Hapa fundi wako ana hoja nusu.

Watu husikia "pistoni nne" wakadhani nguvu mara nne ya pistoni moja. Kalipa ya kuteleza ina pistoni upande mmoja tu, lakini mwili wake unajivuta na kubana upande wa pili kwa nguvu ileile. Kalipa yako mpya haitelezi. Ina pistoni mbili kila upande. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, hesabu za upande mmoja tu. Nikupe mfano, na namba hizi ni za mfano. Wewe pima za kwako kwa venia. Tuseme kalipa ya zamani ina pistoni moja ya mm 57: eneo lake ni mm 2,550 za mraba hivi. Mpya ina pistoni za mm 43, mbili kwa upande: jumla ni mm 2,900 hivi. Nyongeza ni kama asilimia 14, wala si mara nne. Kisha sahani: tuseme ya zamani ni mm 277. Zile za kalipa hizi za Subaru ni mm 294, unene mm 24. Pedi inashika mbali zaidi na kitovu, ikaongeza asilimia saba au nane. Kwa pamoja, kwa mgandamizo uleule wa oili, tairi za mbele zinakabwa kwa asilimia 22 zaidi.

Ngoma zako za nyuma hazijaongezewa chochote.

Hilo ndilo swali ambalo wewe na fundi wako hamkuuliza, nalo ni kubwa kuliko kipini. Gari lilitoka kiwandani likiwa limegawiwa breki kwa mizani: mbele nyingi, nyuma kiasi. Wewe umeongeza mbele peke yake. Siku ya mvua ukikanyaga ghafla, tairi za mbele zitafika mwisho wa kushika mapema zaidi, ABS itaanza kutetema na kupunguza, wakati tairi za nyuma bado zilikuwa na uwezo wa kusaidia. Unaweza kusimama kwa umbali uleule wa zamani, au zaidi kidogo. Faida yako ya kweli iko kwenye joto: sahani kubwa inabeba moto mwingi zaidi kabla breki haijaanza kulegea. Ukiteremka Kitonga na gari lililojaa utaiona faida hiyo. Kwenye foleni ya Morogoro Road hutaiona.

Je, masta silinda kubwa inarekebisha mgawo? Hapana, na hapa ndipo hoja ya fundi inapokatika. Masta silinda inasukuma mbele na nyuma kwa pamoja. Za Subaru zinakuja kwa vipimo vya inchi, mara nyingi kipimo kimepigwa chapa kwenye mwili wake. Tuseme yako ni ya inchi 1, yaani mm 25.4, na mnataka kuweka ya inchi 1 na 1/16, mm 27 hivi. Eneo linaongezeka kwa asilimia 13. Pedali itakuwa fupi na ngumu, lakini kwa nguvu ileile ya mguu mgandamizo unapungua kwa asilimia 11 hivi. Mbele inabaki na nyongeza ndogo, nyuma inapata pungufu kuliko ulivyonunua gari. Mgawo ni uleule mbovu, ila sasa mguu unafanya kazi zaidi.

Kinachobadilika ukibakiza masta silinda ya zamani ni safari ya pedali. Pistoni zenye eneo kubwa zinameza oili zaidi, katika mfano wetu asilimia 14. Pedali itashuka kidogo zaidi kabla ya kushika. Kwa gari lisilo na ubovu mwingine hiyo unaizoea ndani ya siku mbili. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuibakiza, kufunga, kutoa upepo vizuri, kisha kuendesha. Ukiona pedali inashuka mno, usikimbilie masta silinda. Nenda nyuma kwanza, fungua ngoma, rekebisha nafasi ya viatu. Sehemu kubwa ya pedali ndefu ninazoletewa ni viatu vya nyuma vilivyo mbali na ngoma, kwa sababu kirekebishi kimeganda kwa kutu na vumbi. Kisafishe, ukipake grisi kidogo ya breki kwenye nyuzi zake tu, ukaze mpaka ngoma ianze kukwaruza, kisha urudishe meno machache. Weka na viatu vipya vyenye ubora. Hizo ndizo senti bora utakazotumia kwenye mradi huu wote. Ukipata baadaye seti ya nyuma ya sahani kutoka gari lilelile lililotoa kalipa, mgawo utakaa sawa zaidi, ingawa hapo utagusa habu na breki ya mkono, na hiyo ni kazi nyingine.

Kabla hujafunga, kagua kalipa hizo za mtumba. Sukuma pistoni kwa mkono na kipande cha ubao. Zote nne zirudi kwa ugumu unaofanana. Inayogoma ina kutu. Nunua seti ya sili na vumbi-kava, ufungue usafishe. Na hakikisha nipo ya kutolea upepo iko juu kalipa ikiwa imefungwa. Unacheka? Kalipa ya kushoto na ya kulia za aina hii zinafungika pande zote. Nimewahi kuitwa na kijana mmoja aliyemaliza chupa tatu za oili, pedali bado sponji. Nipo zilikuwa zinatazama ardhi. Upepo umekaa juu ya kalipa kama mwenye nyumba, oili inatoka chini safi kabisa bila povu hata moja. Tulibadilisha kushoto kwa kulia, tukamaliza kwa dakika ishirini.

Oili tumia DOT 4 mpya, iliyofunguliwa siku hiyo. Ikiwa kavu inachemka kuanzia nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji ya hewa kiwango chake cha chini ni nyuzi 155, na hewa ya pwani haina uchoyo wa maji. DOT 3 inaanzia 205 na kushuka hadi 140. Usiguse DOT 5 ya silikoni, haichangamani na hizi.

Ringi nayo. Ringi 15 nyingi haziipiti kalipa hii. Ringi 16 nyingi zinapita, lakini si zote, kwa sababu kinachogusa mara nyingi ni mikono ya ringi kwa nje. Tafuna bigijii, ibandike mgongoni mwa kalipa unene wa kama mm 5, funga tairi, lizungushe kwa mkono, vua uangalie. Ikibonyezwa ikabaki chini ya mm 3, tafuta ringi nyingine.

Ukimaliza, washa gari ukiwa umekanyaga pedali. Itazama kidogo, hiyo ni haidrovaki, kisaidizi cha nguvu ya mguu, inaingia kazini. Kanyaga kwa nguvu zako zote dakika nzima huku fundi anamulika kila ungio kwa tochi na karatasi nyeupe ya chooni. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha tafuta uwanja wazi kabla ya barabara. Pedi mpya zizoeshe kwa kupunguza mwendo mara kumi hivi kutoka kilomita 60 hadi 15 bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe katikati.

Rangi nyekundu paka, haina ubaya, na najua ndiyo iliyokufanya ununue. Tumia rangi inayovumilia joto, ubandike tepu kwenye pistoni, sehemu pedi zinapoteleza, na nipo. Na ule uso bapa mdogo pale washa ya shaba inapokalia, uache chuma kitupu kama kilivyo. Washa inaziba kwa kujibonyeza kwenye chuma. Ukiweka rangi chini yake itaziba vizuri siku ya kwanza, halafu joto litaila rangi na bolti itabaki imelegea bila mtu kuigusa.